Kabla ya Kumwaga Oili, Isome Kwanza

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma. Mwezi uliopita nilinunua Prado ya mwaka 2005, dizeli ya D-4D, otomatiki, kwa mtu aliyekuwa akiitumia hapa hapa nchini. Kilomita zinasoma 287,000. Hakuwa na daftari wala risiti hata moja ya sevisi, alisema tu kwamba gari halijawahi kumsumbua. Fundi wa mtaani kwetu anataka nifanye sevisi kubwa: aoshe injini kwa dawa, amwage oili zote, abadilishe nozeli zote nne, shokapu na bushi zote. Nina shilingi milioni mbili na nusu, na Desemba nataka kuwapeleka wazazi Bukoba. Nianze na nini, na nini kisubiri?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa gari. Jambo moja kabla ya mengine yote: hiyo dawa ya kuosha injini, mwambie fundi wako asithubutu. Nitakueleza kwa nini, lakini kama ameshaishika mkononi, mwombe aiweke chini kwanza.

Sasa tuanze taratibu. Gari lisilo na kumbukumbu lihesabu kuwa halijawahi kufanyiwa chochote. Mafundi karibu wote watakuambia hivyo, na ni kweli. Tatizo ni kwamba wengi wanaichukulia kauli hiyo kama ruhusa ya kumwaga kila kitu siku ya kwanza. Oili iliyomo kwenye injini, gia boksi, transfa (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma) na difu mbili ndiyo shahidi pekee uliyebaki naye. Aliyekuuzia anaweza kusahau, anaweza kuficha. Oili ya difu haina ndugu wa kumtetea. Ukiimwaga mtaroni bila kuitazama, umemfukuza shahidi kabla hajafungua mdomo. Wewe ni muuguzi. Mgonjwa mgeni akiletwa hana cheti, hukimbilii kumchoma sindano kabla ya kumpima.

Kwa hiyo nunua maji ya kunywa ya chupa ndogo, kunywa maji, bakiza chupa saba. Kabla ya kumwaga chochote, kinga kidogo cha kila kimoja kwenye chupa yake (oili tano hizo, maji ya rejeta na oili ya breki), bandika karatasi, andika kimetoka wapi. Acha zikae usiku mzima zitulie. Asubuhi zipange kwenye mwanga. Gharama yake ni ndogo mno na itakuambia mengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kulikalia gari hilo.

Kuna shahidi mwingine ambaye watu humwosha kwa sabuni bila kujua. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango, kisha fungua boneti utazame pembeni na juu ya makava. Gereji za Japani zina tabia ya kubandika stika ndogo kila wanapobadilisha oili au mkanda wa taimingi, zenye tarehe na kilomita. Piga picha, simu yako itakutafsiria. Ukikuta stika inasema oili ilibadilishwa ikiwa na kilomita nyingi kuliko dashibodi yako ilivyosoma gari lilipoingia nchini, utakuwa umejua kilomita zilirudishwa, na hiyo 287,000 utaichukulia kama hadithi. Hata namba ikiwa ya kweli, bado usiigeuze kuwa dira yako. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma haidanganyi.

Tuje kwenye injini. Namba yako ya chesisi bila shaka inaanza na KDJ, maana yake una injini ya 1KD-FTV, dizeli ya lita 3.0 yenye turbo na mfumo wa reli moja ya mgandamizo mkubwa. (Wasomaji wenye TRJ, yaani petroli ya 2.7, habari hii ya nozeli na mkanda wa taimingi haiwahusu. Yenu inatumia mnyororo.) Ni injini nzuri. Ina ugonjwa mmoja unaojulikana dunia nzima, hasa zile za miaka ya mwanzo kama yako. Chini ya kila nozeli, ile inayopuliza dizeli kwenye silinda, kuna washa ya shaba inayoziba moto wa silinda usipande juu. Washa hizo zikichoka, gesi ya moto hupenya na kuingia chini ya kava la valvu, inakutana na oili. Oili inaungua, inakuwa masizi mazito kama lami. Masizi yale yanateremka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na ndani ya sampu kuna chujio la waya pale pampu inapofyonzea oili. Chujio linaziba kidogo kidogo. Siku linapoziba kabisa, injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kikionyesha oili imejaa. Nimefungua injini mbili za namna hiyo ambazo wenyewe waliapa kwamba oili walibadilisha kila baada ya kilomita 5,000, na walikuwa wanasema kweli.

Sasa fikiria mtu anamimina dawa ya kubandua masizi kwenye injini ambayo hajui ndani kuna masizi kiasi gani. Kila kinachobanduka safari yake ni moja tu, kwenye chujio lile. Ndiyo maana nimesema aiweke chini.

Unajuaje kama yako imeanza? Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, iwashe boneti likiwa wazi. Sikiliza dakika ya kwanza. Mvujo wa washa hutoa mlio wa kupumua, chaf-chaf-chaf, unaopungua injini ikipata moto. Kisha zima, fungua kifuniko cha kumiminia oili, tazama ndani kwa tochi. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ugonjwa; inakuwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Unachotafuta ni gamba gumu, mabonge, kitu kinachofanana na masizi ya chungu. Na kwenye ile chupa yako, tazama kilichotuama chini. Ukiona vumbi linalometameta, hiyo ni beringi inajisaga. Ukinusa dizeli, au kama kijiti kilionyesha oili imezidi kipimo, basi kuna nozeli au sili inayovujisha dizeli kwenye oili.

Hata kama dalili zote ni njema, kwa gari lisilo na historia mimi ningefungua sampu ya chini nilitazame lile chujio kwa macho. Injini haishushwi. Kuna mafundi wenye kamera ndogo ya waya wanaoipitisha kwenye tundu la kumwagia oili, nayo inasaidia. Ukikuta chujio safi, umenunua usingizi wa miaka. Ukikuta limeziba, lisafishwe, na washa za shaba zibadilishwe zote nne, mpya. Nozeli ikishatolewa, washa yake ya zamani hairudishwi, hata akuambie bado nzima.

Na nozeli zenyewe? Usibadilishe hata moja kabla ya kupima. Nozeli nne za ojino zingemeza bajeti yako yote na kudai chenji. Mtafute fundi mwenye mashine inayoongea na kompyuta ya Toyota, akuonyeshe namba za marekebisho ya kila silinda injini ikiwa ya moto na ikiunguruma bila kukanyagwa. Namba zikiwa karibu na sifuri, injini haihangaiki. Silinda moja ikizidi 3, iwe chanya au hasi, hapo ndipo wengi wetu tunaanza kuitilia shaka nozeli hiyo. Akikataa kukuonyesha kioo cha mashine na kukuambia "nimesikia tu kwa sikio", mshukuru uondoke.

Ukiridhika na ndani, weka oili ya dizeli, takribani lita 7 pamoja na filta. Kwa joto letu 15W-40 nzuri inatosha, huhitaji ya bei ya kutisha. Unachohitaji ni ya kweli, kutoka duka litakalokupa risiti, kopo lenye sili. Ya kwanza imwage mapema, baada ya kilomita 1,000 au 2,000, kwa sababu itakuwa imeosha injini kwa upole kuliko dawa yoyote. Baada ya hapo kila 5,000.

Mkanda wa taimingi hauna mjadala. Ukikatika kwenye injini hii, valvu na pistoni zinagongana, na kinachofuata ni kufungua silinda hedi. Toyota waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka kila kilomita 100,000 au 150,000 kulingana na soko gari lilikotengenezewa. Watu wanaiamini mno. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu, na mtu yeyote anayejua anaweza kuizima bila kugusa hata bolti moja ya injini. Usipopata stika wala risiti, badilisha mkanda pamoja na tenshena na puli yake kwa pamoja. Kwa bahati nzuri kwenye 1KD kazi yenyewe si kubwa. Fundi akishamaliza, aandike tarehe na kilomita kwa wino usiofutika juu ya kava. Mwenye gari atakayefuata atakuombea dua.

Sasa maji. Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Gari likichemka mara moja, kuna mtu atatoa themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa, halafu atasema "Afrika hatuihitaji". Injini isiyo na themostati haifikii joto lake, inakunywa dizeli, inajisaga. Mshale wako wa joto ukichukua muda mrefu kupanda asubuhi, au ukishuka gari likiteremka mlima, shuku hilo na uirudishe. Maji ya kahawia kwenye rejeta maana yake ni kwamba watu wamekuwa wakijazia ya bomba. Osha mfumo kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti, dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, si asidi. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa ya baridi tu. Wewe umeshaona watu walioungua mvuke, sina haja ya kusema zaidi.

Lakini rejeta yenyewe ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi kuliko maji. Kwenye Prado otomatiki, oili ya gia boksi inapita ndani ya rejeta ili ipoe, kwenye kijibomba kilichozungukwa na kulanti. Rejeta ikizeeka, kijibomba kile kinapasuka kwa ndani. Kulanti inaingia kwenye gia boksi, huoni tone chini ya gari, na mpaka ujue, gia boksi imekwisha. Kwa hiyo chupa ya ATF, yaani hiyo oili ya gia boksi otomatiki, itazame kabla ya nyingine zote. Inatakiwa iwe nyekundu au kahawia nyekundu. Ikiwa imegeuka kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, simamisha gari hapo hapo, lisiwashwe tena, livutwe. Ikiwa safi lakini rejeta ni ile iliyokuja na gari, yenye miaka ishirini, mimi ningeibadilisha ingali nzima. Ni sehemu mbili tu kwenye gari hili ninazokushauri ubadilishe bila kusubiri ugonjwa: mkanda wa taimingi na rejeta.

Oili ya gia yenyewe, kama gari lako lina kijiti cha kupimia gia, soma maandishi yaliyochongwa juu yake. Ndiyo aina inayotakiwa. Kama halina kijiti, hiyo ni gia ya hatua tano inayotumia ATF ya WS, na kiwango chake kinapimwa kwa tundu la pembeni oili ikiwa kwenye joto maalumu, kwa hiyo usimpe anayebahatisha. Usikubali mashine ya kusukuma oili yote kwa nguvu. Kumwaga kwa kawaida kunatoa sehemu tu ya iliyomo. Basi mwaga, jaza kiasi kile kile, tembea kilomita mia chache, rudia, mara tatu. Ukikuta oili nyeusi inayonuka kuungua na gia zinateleza, usiiguse kabla ya mtu mwenye uzoefu kuliendesha gari.

Difu mbili na transfa ni kazi ya asubuhi moja. Fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia, kila mara. Nimeshaona gari limekaa juu ya stendi siku mbili, difu tupu, kwa sababu nati ya juu iligoma na fundi alikuwa ameshamwaga. Oili nyeupe kama maziwa inasema gari lilivuka mto likanywa maji. Angalia pia kijibomba cha kupumulia cha difu kama hakijaziba kwa matope. Unga mwembamba kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida, vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole si vya kawaida. Difu tumia oili ya gia ya GL-5. Ukiwa chini huko, propela shafti, vile vyuma virefu vinavyozungusha difu, zina nipo za grisi ambazo watu wa kuosha magari hawajui kama zipo. Zipige grisi zote. Ule mshtuko mdogo wa "gong" nyuma unaposimama kwenye taa, mara nyingi ni pale propela shafti inapoteleza pamekauka, na wenye magari wameshauziwa gia boksi kwa sababu ya mlio huo.

Vitu vinavyoua watu nimeviacha hadi sasa, lakini kwenye pesa vitangulie vyote. Mkinyoosha kutoka Singida kwenda Nzega mtashuka mlima Sekenke, na mbele yenu kutakuwa na lori. Prado hii mara nyingi ina pampu ya umeme inayosaidia breki, ile unayoisikia ikivuma sekunde chache ukiwasha switi. Pampu hiyo ni ghali, na adui wake ni oili ya breki ya zamani iliyonyonya maji. Ikiwa kwenye kikombe imekuwa rangi ya chai ya rangi, ibadilishwe yote, na kazi ya kutoa upepo aifanye anayeujua mfumo huu. Ukitaka kupima kiwango chake, zima gari, kanyaga pedali mara 40, ndipo utazame. Bila hivyo unadanganywa. Pampu ikivuma mara kwa mara bila kukanyagwa, au taa na king'ora vikija pamoja, Bukoba isubiri.

Gari lipandishwe jeki, tairi la mbele lishikwe juu na chini litikiswe. Bolijointi ya chini, kiungo kinachoshikilia tairi la mbele, ikicheza, ibadilishwe siku hiyo hiyo, ya ojino, kwa sababu ikichomoka tairi linajikunja chini ya gari. Tairodi za usukani nazo. Bushi zilizopasuka kidogo zinaweza kusubiri, shokapu zinazolia zinaweza kusubiri kama hazivuji na gari halirukiruki. Matairi, soma namba nne za mwisho baada ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la 2514 lina kashata nzuri na bado ni mzee. Akiba usiisahau, ndiyo huwa kongwe kuliko zote. Chini ya chesisi piga nyundo taratibu upande wa nyuma, kwani yapo magari yaliyoishi Japani kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu yake hufichwa kwa rangi nyeusi mpya.

Filta ya dizeli weka mpya, na beba nyingine safarini. Filta ya hewa ni rahisi, badilisha. Betri, waipa, taa, wewe mwenyewe unaweza.

Kwa milioni mbili na nusu, mpangilio wangu ungekuwa huu: breki, bolijointi na matairi, halafu oili ya injini na kuchungulia sampu, mkanda wa taimingi, rejeta na kulanti, kisha gia, difu na transfa. Nozeli, shokapu na bushi zote alizokuandikia fundi, futa mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Bei zikikubana, oili za difu zinaweza kusogea hadi Januari endapo chupa zake ni safi. Namba ya chesisi iandike kwenye karatasi, uende nayo dukani kila unaponunua spea. Neno "Prado" peke yake kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, linaweza kukupa vifaa vya magari matano.

Kazi hii iishe wiki tatu kabla ya safari, usiifanye jioni ya kuamkia siku ya kuondoka. Kisha nenda Kondoa urudi, ukiwa na mtu mmoja tu. Ukifika nyumbani acha gari juu ya sakafu kavu, weka maboksi yaliyofunguliwa chini yake usiku kucha, asubuhi utazame yamelowa wapi. Pima maji na oili injini ikiwa ya baridi, andika kwenye daftari jipya, kilomita na tarehe.

Na zile chupa saba, zipige picha nje kwenye jua. Nitumie ya ATF kwanza, hata kabla hujamruhusu fundi kuanza kazi.